Flashi Zilizovalishwa Makoti

Siku ya harusi ya wifi yake, Bi Uzi aliamka na furaha iliyomvalisha sketi nje-ndani, mishono yote hadharani, na asijue mpaka jirani alipomwambia. Mtu aliyeshona nguo kwa miaka arobaini! Lakini nani angemlaumu? Wifi mtu alikuwa anaolewa akiwa na miaka sitini na mmoja, meno ya mbele yote yapo, magoti yanalalamika kwenye ngazi tu, na bwana harusi mwenyewe ni mwalimu wa udereva ambaye mtaa mzima ulimwita Breki. Jina halikumwonea. Hata akitembea kwa miguu, Breki hufika kwenye kona akasimama, akatazama kulia, akatazama kushoto, ndipo apite.

Gauni lilikuwa tayari, limetundikwa kwenye mlango wa chumba cha kushonea. Rangi ya maziwa, mikono mirefu, kiuno kimepimwa mara tatu kwa sababu Wifi kila akipimwa alikuwa akidanganya kwa kuvuta tumbo ndani, na tumbo nalo kila likiachiliwa lilikuwa likisema kweli. Kilichobaki ni nakshi tu, kuzunguka pindo la chini.

Sasa, hiyo nakshi ndiyo ilikuwa roho ya gauni. Miaka thelathini na minane iliyopita, Wifi aliolewa mara ya kwanza ndani ya gauni la kuazima, na aliyemwazima ni huyuhuyu Bi Uzi, aliyekuwa amelivaa yeye mwaka mmoja kabla, alipoolewa na kaka mtu. Bi Uzi ni mwembamba, hakuitwa Uzi kwa bahati mbaya. Wifi, tuseme tu kwamba Mungu alipokuwa akimgawia hakuwa na haraka. Gauni lilifungwa mgongoni kwa pini kumi na tisa, na kutwa nzima Bi Uzi alitembea nyuma ya bibi harusi akinong'ona, "Usiiname. Usicheke sana. Wifi, usivute pumzi hivyo, utanichania!" Katika picha zote za siku ile bibi harusi ana uso wa mtu anayengoja kudungwa sindano ya matako.

Mume yule, mtu mwema, alikwisha tangulia mbele ya haki. Breki alipoleta posa, Wifi hakuomba mkufu wala viatu. Alisema neno moja.

"Safari hii nataka la kwangu. Hata kushona kwenyewe kuwe ni kwangu. Kitu ambacho hakuna bibi harusi mwingine duniani amewahi kuvaa."

Bi Uzi, ambaye zile pini kumi na tisa zilikuwa zikimchoma yeye kwa miaka thelathini na minane, aliapa kwa sindano yake. Wakaenda wote wawili kwa mchora nakshi, upande wa pili wa mji, Wifi akaeleza maua anayoyataka kwa mikono, kwa macho na kwa mabega, mchoraji akachora wiki mbili nzima, kisha akayatia maua kwenye flashi mpya ya Bi Uzi. Harusi ilikuwa saa kumi alasiri. Asubuhi saa mbili na nusu, Bi Uzi aliichomeka flashi ile kwenye mashine ya kudarizi, akakaa sawasawa, akabonyeza.

Mashine ikalia piii, ikaonyesha kwenye kioo chake kidogo picha ya flashi iliyopigwa mstari mwekundu.

"Imekataa," alisema Bi Uzi.

"Amekataa nani?" Wifi aliuliza kutoka chumba cha pili kwa sauti iliyoanguka kabla ya mwenyewe kuanguka. "Breki?"

"Mashine, mwendawazimu wewe! Breki akitaka kukataa si angewasha indiketa kwanza?"

Wifi akatokea mlangoni. Nywele zilikuwa kwenye vibanio kumi na viwili, uso umepakwa asali na unga ili ung'ae, na katikati ya huo unga macho mawili yametoka kama ya bundi aliyetumbukia kinuni.

"Mwite Zima-Washa," alisema.

Zima-Washa alikuwa fundi wa kompyuta, kibanda chake kiko palepale chini ya ngazi za jengo. Mtu wa makamo, tumbo mbele, kikombe cha chai mkononi saa zote. Jina alipewa na wateja, kwa sababu lolote utakalompelekea, simu, redio, kompyuta, dawa yake ya kwanza ni moja: zima, hesabu mpaka kumi, washa. Na la kuudhi ni kwamba mara nyingi hupona.

"Shikamoo, mama. Shikamoo, bibi harusi."

"Marahaba, usinitazame usoni," alisema Wifi. "Bado naiva."

Zima-Washa alizima mashine ya kudarizi, akahesabu mpaka kumi, akawasha. Piii. Mstari mwekundu. Akanywa chai funda moja, akaitazama flashi.

"Mama, kwa nini flashi yako imevaa koti?"

Ilikuwa kweli. Flashi ilikuwa imevaa koti jekundu la flaneli, lina kola, lina kifungo kidogo cha lulu bandia, na kiunoni limebanwa kwa lastiki. Mezani kulikuwa na nyingine mbili, moja imevaa kijani, moja njano. Zote tatu zilitoka pakiti moja, kwani ile flashi ya zamani ilisahauliwa kwenye mfuko wa aproni ikaenda kufuliwa. Ilitoka safi kuliko nguo zote, lakini bubu.

"Si wewe mwenyewe uliniambia mwaka jana?" alisema Bi Uzi. "Ulisema, mama, flashi zako zimeshikwa na virusi. Mimi mtoto akishikwa na mafua namvalisha."

Zima-Washa alifungua mdomo, akaufunga, akaamua kunywa chai.

"Haya. Maua yako kwenye ipi?"

"Nyekundu. Hii ya kijani na hii ya njano ni tupu."

"Basi shida ni ndogo. Mashine yako ni ya zamani, na flashi hizi ni za siku hizi. Zimepangwa ndani kwa mtindo ambao mashine haiujui. Ni kama kumwekea mzee uma na kisu wakati yeye anajua mkono. Tutaichukua moja tupu, tuifomati kwa mtindo wa zamani, yaani tuifute na kuipanga upya. Kisha tunahamisha maua kutoka nyekundu kwenda kwenye hiyo. Dakika tano."

"Dakika tano!" alisema Wifi akipiga makofi, na unga ukamdondoka shavuni.

Kompyuta ya Bi Uzi ilikaa kwenye meza ya kukatia vitambaa. Aliinunua kwa ofisi fulani iliyofungwa, na mpaka leo sanduku lake lilikuwa na karatasi iliyobandikwa: MAPOKEZI, WAGENI WASIGUSE. Zima-Washa alivuta kiti, akachomeka ile ya kijani pamoja na koti lake, akabonyeza hapa, akabonyeza pale, akafika kwenye neno Fomati. Akaligusa kwa mbwembwe, kama mtu anayepiga muhuri.

Kidirisha kikaruka kwenye kioo. Alisoma kwa sauti: "Diski hii imelindwa isiandikwe. Ondoa ulinzi kisha ujaribu tena."

Bi Uzi akavimba kwa fahari. "Imelindwa, naam. Nilikwambia koti lina kazi."

"Mama, si ulinzi wa namna hiyo."

"Ulinzi una namna ngapi?"

Zima-Washa alizima kompyuta. Wakahesabu mpaka kumi wote watatu, Wifi akihesabu kwa kucheza mabega. Washa. Imelindwa. Akachomoa kijani, akachomeka njano. Imelindwa. Akasema labda matundu ya mbele ni mabovu, akaingia chini ya meza kutafuta ya nyuma, ikabaki nje sehemu ile ya mwili ambayo fundi haitumii akifanya kazi. Wifi akaitazama, akamtazama Bi Uzi, Bi Uzi akabana midomo, na wakaanza. Mnajua kicheko kile cha wanawake wawili wakubwa wanaojizuia? Hakitoki mdomoni, kinatokea mabegani, kisha puani, kisha machozi.

"Mnacheka nini?" sauti iliuliza kutoka chini.

"Hatucheki," alisema Bi Uzi. "Tunakuombea."

Paa! Kichwa kikagonga meza. Zima-Washa akatoka na vumbi na kipande cha uzi wa zambarau kwenye nyusi. Imelindwa.

Saa nne ikaingia. Walijaribu kuipuliza. Walijaribu kuisugua kwenye paja. Bi Uzi aliweka mkono juu ya sanduku la kompyuta akaliambia maneno mazuri, kisha akaliambia maneno mengine. Simu ya Wifi ikalia, ni Breki.

"Mpenzi, kila kitu kinakwenda?"

"Kinakwenda, ila tuko kwenye foleni kidogo."

"Msilipite gari la mbele kwa pupa," alisema Breki kwa upole. "Foleni huisha."

"Huyu mwanamume," alisema Wifi akikata simu, akainamisha kichwa kwa aibu kama msichana, vibanio kumi na viwili vikagongana, "huyu mwanamume ataniua kwa mapenzi kabla ya cheti."

Bi Uzi alikuwa ameichukua flashi ya kijani, ameishika karibu na pua, amevaa miwani yake ya kutungia uzi. Kompyuta hakuisomea, shule aliishia ya msingi, na hata huko siku nyingi alikuwa akitazama dirishani. Lakini kitambaa alikijua. Akapapasa koti kwa kidole gumba, taratibu, kama anavyopapasa pindo kutafuta sindano iliyosahaulika. Kulikuwa na kitu ubavuni. Kijino, kidogo kuliko punje ya mchele, ndani ya koti, palepale lastiki ilipobana.

"Zima-Washa, baba, hiki kijino ni cha nini?"

"Kipi?"

Akafungua kifungo cha lulu, akaivua flashi koti. Wote wakainama, vichwa vitatu juu ya kidude cha ukubwa wa kidole. Ubavuni mwake kulikuwa na kijino cheusi kinachosogea, na pembeni yake, kwa wenye macho, limechorwa kufuli dogo.

"Lo!" alisema Zima-Washa.

"Kiuno cha lastiki," alisema Bi Uzi polepole. "Ukimvalisha mtu sketi ya kiuno cha lastiki kwa kuivuta kwenda chini, inashuka na kila kitu. Inashuka na shimizi, inashuka na soksi. Nilipokuwa nazivalisha, lastiki ilikuwa inavuta hicho kijino kwenye kufuli. Nimezifunga mwenyewe. Zote tatu."

Zima-Washa akaanza kucheka, tumbo likarukaruka, chai ikamwagika kwenye sahani. "Mama, katika kazi hii nimeona flashi zilizofungwa na wezi, zilizofungwa na virusi. Iliyofungwa na nguo sijaona!"

"Cheka, cheka. Nani aliyeniambia zimeshikwa na virusi?"

"Zote zivuliwe!" alipiga kelele Wifi. "Zivuliwe! Zipumue!" Na kabla mtu hajasema neno akaikwapua kijani, akaikwapua njano, akaikwapua nyekundu, akazivua hizi mbili makoti kwa mavuto mawili, vijino vikarudi vilipotoka, makoti yakaruka juu, moja likatua kwenye pangaboi. Wifi alikuwa akizunguka chumba kizima na flashi tatu mikononi akizitikisa kama njuga, Bi Uzi akamdaka kiunoni wakazunguka pamoja, sketi yake ya nje-ndani ikipepea, na Zima-Washa akawapigia meza ngoma kwa vidole.

"Lete hapa, lete!" alisema Zima-Washa. Wifi akamtupia moja. Akaidaka, akaichomeka. Kidirisha kikauliza: "Kila kilichomo kitafutika. Endelea?"

"Endelea?" alisoma Zima-Washa.

"Endelea!" alisema Bi Uzi. "Tupu ina nini cha kupoteza?"

Akabonyeza. Mstari wa kijani ukatambaa, ukatambaa, ukajaa. Imekamilika. Wifi akapiga vigelegele mpaka jirani akajibu kutoka ghorofa ya juu bila kujua anajibu nini.

"Sasa," alisema Zima-Washa akinyoosha mkono bila kugeuka, "nipeni ile yenye maua."

Bi Uzi akatazama mezani. Kulikuwa na flashi mbili alizozitupa Wifi, nyeusi, urefu mmoja, kijino kimoja, uchi kama zilivyozaliwa. Akazigeuza. Akazigeuza tena. Watu wakiwa nguoni unamjua tajiri na unamjua maskini. Wavue wote uwapeleke mtoni, uniambie nani ni nani.

"Wifi," alisema, "nyekundu ni ipi?"

Wifi akaacha kuzunguka. "Nyekundu," alisema, "ni lile koti lililoko kwenye pangaboi."

Wakachomeka ya kwanza: tupu. Wakachomeka ya pili, na Bi Uzi akafumba macho, na akajua kwa jinsi Zima-Washa alivyotua kikombe chake chini kwa adabu.

Tupu.

Wote watatu wakageuka kuitazama ile iliyofomatiwa. Ilikaa pale mezani imetulia, safi, haina hata ua moja.

"Hayarudi?" aliuliza Bi Uzi.

"Yanaweza kurudi. Lakini nikae nayo siku mbili, na nisiahidi."

Wakampigia mchora nakshi. Simu imezimwa. Wakampigia mke wake, naye akasema mume amesafiri tangu jana, yuko kwenye basi, na kazi za wateja hutembea nazo kwenye mkoba, hazibaki nyumbani. Ilikuwa saa tano na robo.

Bi Uzi akaketi kwenye rundo la vitambaa. Akaona sasa kwamba sketi yake bado iko nje-ndani: jirani alimwambia asubuhi, naye akasahau. "Ningeiacha na koti lake," alisema. "Koti lilikuwa linalinda kweli. Nilifunga vizuri halafu tukafungua wenyewe. Wifi, nisamehe. Nilikuchomekea pini kumi na tisa, leo nakuvalisha shuka jeupe."

Unga usoni mwa Wifi ulikuwa umepasuka kama ardhi ya kiangazi. Alisogea akalishika pindo tupu la gauni, akalipitisha kati ya vidole.

Zima-Washa, kwa kuwa mwanamume akiona wanawake wanakaribia kulia hutafuta kitu cha kubonyeza, alikuwa akipekuapekua ndani ya kompyuta. "Hakuna nakshi nyingine humu? Kuna moja tu, mama. Imeandikwa, bibu chekechea."

"Achana nayo. Ni oda ya shule ya watoto wadogo, vitambaa vya kufungwa kifuani wakila."

Lakini alikwisha ifungua. Kwenye kioo akasimama bata. Bata wa manjano, tumbo mbele, mdomo juu kama mtu mwenye kiwanja, na miguuni amevaa buti nyekundu za mvua.

Wifi akamtazama bata. Bata akamtazama Wifi.

Ilianza puani. Sauti ndogo, kama birika linalofikiria kuchemka. Kisha mabega. Kisha Wifi akaachia kicheko kilichorusha vibanio viwili kichwani, akashika meza, akashika mbavu, akanyoosha kidole kwenye kioo asiweze kusema.

"Wifi, una nini?" aliuliza Bi Uzi kwa hofu.

"Huyu," alisema Wifi akihema. "Huyu! Nitie huyu!"

"Nikutie wapi?"

"Kwenye pindo! Wanizunguke wote, wafuatane!"

Bi Uzi akasimama. "Wifi yangu, hili ni gauni la harusi, si la kulishia mtoto uji."

"Maua," alisema Wifi akifuta machozi, na unga na asali vikatoka navyo, "maua niliyataka kwa sababu sikujua kuna bata. Maua wanayo wote. Umewahi kuona bibi harusi mwenye bata?"

"Watoto arobaini wa chekechea wanaye kifuani!"

"Wameolewa hao?"

Bi Uzi akatafuta jibu. Akatafuta juu, kwenye pangaboi kulikokuwa na koti. Akatafuta kwa Zima-Washa, naye alikuwa ametazama dari kwa heshima zote.

"Na Breki?"

"Breki ananioa mimi. Asiyependa bata aseme kabla ya kusaini."

Basi ikawa hivyo. Bata akahamishiwa kwenye flashi iliyofomatiwa, flashi ikachomekwa kwenye mashine, uchi wake wote, na mashine ikaimeza bila kulia piii. Sindano ikaanza tiktiktiktik, na mguu wa kwanza wa buti ukatokea kwenye kitambaa rangi ya maziwa. Wote watatu walishangilia kama timu imefunga bao.

Lakini bata mmoja si kazi. Bata ishirini na sita kuzunguka pindo, hiyo ni kazi. Kila mmoja dakika tano za sindano na dakika mbili za kufungua fremu, kusogeza kitambaa, kufunga tena, kubadilisha uzi wa manjano kwenda mwekundu. Bi Uzi alifunga fremu. Zima-Washa alikabidhiwa mkasi mdogo akate nyuzi zinazoning'inia, akaweka kikombe mbali kwa amri. Wifi alikuwa anaoga, anavua vibanio, anarudi na taulo kuuliza, "Wamefika wangapi?"

"Kumi na mmoja!"

"Wanatembea vizuri?"

"Kuliko wewe!"

Saa saba, bata kumi na watatu. Saa nane kasoro robo, kumi na tisa. Bi Uzi jasho linamtoka, anaimba, anazungumza na kila bata kwa jina la mjomba fulani wa ukoo anayefanana naye, na Zima-Washa anacheka mpaka anakata uzi usiotakiwa. Jirani wa juu akaja kuangalia, akaenda kumwita dada yake, wakakaa mlangoni na mikono midomoni. Saa nane na nusu sindano ikasimama. Ishirini na sita. Bi Uzi akalitoa gauni, akalitandaza mezani, akalizungusha polepole kulikagua.

Akafika kwa yule wa mwisho.

"Mama yangu mzazi!"

Bata ishirini na watano walikuwa wakielekea kushoto kwa adabu, mmoja nyuma ya mwingine. Yule wa ishirini na sita, fremu ikiwa imefungwa kwa haraka na kitambaa kimegeuzwa, na Bi Uzi akiwa amebonyeza kitufe cha kupindua picha pasipo kujua, alikuwa anaelekea kulia. Mdomo kwa mdomo na mwenzake, kifua mbele, buti zimekanyaga, hampishi mtu.

Bi Uzi akashika kisu kidogo cha kufumulia. "Dakika kumi na tano, namfumua, namrudia."

Mkono ukamshika kifundo. Wifi alikuwa amesimama, uso umeng'aa kwa asali, shimizi tu mwilini.

"Mwache."

"Wifi, amekosea njia."

"Nimesema mwache. Nivalishe."

Ukumbi ulikuwa mdogo, viti vya plastiki vimefungwa utepe, msajili wa ndoa nyuma ya meza na kalamu mbili. Saa kumi kamili, kwani Breki hajui kuchelewa wala kuwahi, bwana harusi alikuwa amesimama mbele na suti ya kijivu, mikono imeshikana mgongoni kama anayemtahini mtu. Wifi akaingia. Watu wakaona gauni, wakasema aah. Kisha wakaona pindo, wakasema aah ya pili, ya namna nyingine, na kutoka viti vya nyuma kicheko kikaanza kupita mstari kwa mstari kama sinia ya vitafunio.

Wifi akafika mbele. Breki akamtazama uso, akatabasamu. Akafuata watu walikokuwa wakitazama, akaona. Akatoa miwani mfukoni, akaivaa. Akapiga goti moja sakafuni, mbele ya msajili na umma wote, akaanza kulizunguka gauni kwa magoti, bata mmoja baada ya mwingine, hana haraka.

"Wameachiana nafasi nzuri," alisema kwa sauti ya kazini. "Safi. Huyu yuko sawa. Huyu sawa." Akaendelea mpaka akafika wa mwisho. Akasimama hapo. Hata msajili akanyanyuka kuchungulia.

"Huyu," alisema Breki, "anakuja upande usio wake. Barabara ya njia moja, na wenzake wote wanamwona, na bado anakuja."

"Namjua," alisema Wifi. "Huyo ndiye mimi."

Breki akamtazama yule bata muda mrefu. Kisha, bado yuko magotini, akajisogeza pembeni, akanyoosha mkono mmoja kusimamisha hewa ya upande huu, na mwingine akaupunga kwa heshima, kama askari wa barabarani anayempa njia mtu mkubwa.

"Pita, mama," alisema.

Na Wifi akapita, akicheka kwa sauti yake yote, akiinama kadiri alivyotaka, mpaka mezani kwa msajili, bata ishirini na sita wakimtangulia na kumfuata.